Mwali ana somo, mwanafunzi wa kompyuta hana



Leo siandiki kuhusu shela wala vitambaa. Naandika nikiwa na hasira kidogo, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijibu.

Mtoto wa kike akichumbiwa, sisi hatumwachi peke yake. Unguja atatafutiwa somo, huku Bara atatafutiwa kungwi. Mwanamke mzima, anayejua mambo kwa sababu ameyapitia. Atakaa naye, atamfunda, atamweleza ya wazi na ya ndani, na hata baada ya harusi bibi akikwama anajua pa kukimbilia. Sijawahi kuona mama mwenye akili zake akimpa binti kitabu cha ndoa na kumwambia, "Soma hicho, kisha nenda."

Sasa binti huyo huyo akisema anataka kusoma kompyuta, tunafanya nini? Tunalipa ada, tunamtafutia laptop iliyotumika Kariakoo kama Mungu amejaalia, tunamwombea dua, basi. Somo hana. Hajawahi kukaa meza moja na mwanamke anayeifanya kazi hiyo. Hajui mwanamke huyo akiamka anafanya nini, anatafutaje kazi, anasalije ofisini, anajibu nini bosi akimwambia hijabu haifai mbele ya wateja. Anamaliza chuo na cheti kizuri, kisha anarudi nyumbani kuuza mitandio kwenye simu. Kuuza mitandio ni kazi ya halali, na mimi mwenyewe nakula kwa cherehani. Lakini sikubali aiuze kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha mlango wa kazi aliyoisomea.

Semina si somo

Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya mwezi wa 4, dunia ina Siku ya Wasichana katika TEHAMA. Hapa kwetu Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukikusanya wasichana wa sekondari na kuwapa mafunzo, na hilo ni jema, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na shughuli za siku moja zinazoiga jina tu. Fulana zinagawiwa, mgeni rasmi anahutubia, picha zinapigwa, pilau linaliwa, watoto wanapanda basi. Baada ya wiki mbili waulize: nani ana namba ya simu ya mwanamke aliyewafundisha? Hakuna. Fulana imekuwa nguo ya kulalia.

Ufundi haufundishwi hivyo. Nenda pale Mwenge kwa wachonga vinyago uone kijana anajifunza wapi: anakaa pembeni ya fundi, miezi kwa miezi, anaanza kwa kupiga msasa. Chuo cha ushonaji kilinifundisha kukata kwa karatasi na rula. Lakini mteja ambaye bega moja limeshuka, au anayetaka gauni la stara lisilombana akiwa na mimba ya miezi mitano, hayo nilifundishwa na fundi mwenzangu aliyekaa cherehani ya jirani. Kuandika programu za kompyuta nako ni ufundi. Anayekwambia binti ataujua kwa hotuba moja anakudanganya.

Na si kwamba njia haijulikani. Hapa Dar es Salaam, mwaka 2013, Carolyne Ekyarisiima, dada kutoka Uganda, alianzisha Apps and Girls. Waliingia mashuleni, wakaunda vilabu, wasichana wakakutana tena na tena na kutengeneza vitu vyao wenyewe. Nairobi, wanawake wa fani hiyo hiyo walianzisha AkiraChix mwaka 2010, na mafunzo yao ya codeHive huchukua mwaka mzima. Kote huko utaona mambo mawili: muda mrefu, na wanawake ambao binti anawaona kwa macho yake.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wa Mwenge hivi vitu viko mlangoni. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iko Kijitonyama pale kituo cha Sayansi, na ndani yake kuna Buni Hub wanakokutana vijana wenye ubunifu. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo iko Kijitonyama. Kutoka Mwenge ni safari fupi ya daladala. Lakini kuna binti wa kidato cha nne anayepita hapo kila siku, anaangalia majengo dirishani, na kwake ni mbali kama Muscat. Hana mtu wa kumshika mkono amvushe geti.

Visingizio vyetu

Cha kwanza: "Huko kuna kuchanganyika na wanaume." Dada, hofu hiyo ina haki yake, siibezi. Lakini dawa yake ndiyo huyo somo! Mwanamke, mahali pa wazi, mchana, mzazi anajua. Umemnunulia binti simu na bando, anajifungia nayo chumbani mpaka saa nane usiku, hapo huogopi. Akiwa na mwanamke mwenye dini na heshima zake wakifundishana kazi, ndiyo unaogopa?

Tena tunalo la kufuata. Al-Shifa bint Abdullah, radhi za Allah ziwe juu yake, alijua kuandika wakati waliojua Makka walikuwa wachache sana. Ndiye aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume s.a.w., na Mtume alilijua hilo, hakulikataza, bali alimtaka amfundishe na mengine. Mwanamke mjuzi akimfunda mwanamke mwenzake, tena wa nyumba ya Mtume. Nani kati yetu ana heshima zaidi ya nyumba hiyo?

Cha pili: "Ataolewa tu." Inshallah, na aolewe kwa kheri. Ndiyo maana hasa awe na kazi anayoweza kuifanya mtoto akiwa amelala pembeni. Na msisahau kuwa kuna talaka, kuna ujane, kuna mume kuugua. Bibi Khadija r.a. alikuwa mfanyabiashara kabla ya ndoa yake na Mtume, na mali yake ikaja kuusimamisha Uislamu katika siku ngumu.

Cha tatu: "Mimi mama sijasoma, nitamsaidia nini?" Nenda Kinyasini, Unguja, uulizie akina mama wa vijijini waliofundishwa umeme wa jua na Barefoot College. Wengi hawakusoma sana. Walikaa miezi pamoja, wakafundishwa kwa vitendo, wakarudi vijijini kwao kufunga taa. Wewe hutakiwi kufundisha kompyuta. Unatakiwa umjue somo ya mwanao, umpigie simu, uulize: amekuja? Amefanya nini? Amekwama wapi?

Na nyinyi mliofika

Hapa nasema na mabibi harusi wangu. Kwenye futi yangu nimewapima wanawake wanaokagua mifumo ya benki, wanaolinda mitandao ya simu, wanaoandika programu. Siku moja binti aliyekuwa ananisaidia kutia uzi akamsikiliza mmoja wao akieleza kazi yake, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kumbe na sisi tunafanya hiyo?" Yuko sekondari, anasoma mjini, na hakuwahi kujua kwamba mwanamke wa buibui yuko kwenye kazi hiyo.

Mnajificha wapi? Umekaa ofisini Posta miaka saba, hujawahi kumkaribisha binti wa mtaani kwenu hata saa moja. Unasema uko bize. Somo ya harusi yako naye alikuwa na watoto, mume na biashara, na alikuja.

Halafu tunalalamika programu za simu hazituelewi. Nani atatutengenezea ya kugawa mirathi kwa Kiswahili chetu, ikapitiwa na mashehe wetu? Ya kuhesabu zaka ya dhahabu ya mahari? Ya kuhesabu siku za eda? Tukingoja wa mbali watufanyie, watafanya kwa wanavyojua wao.

Tufanye hivi

Somo mmoja, mabinti watatu, mwaka mmoja. Jumamosi mbili kwa mwezi, asubuhi mpaka adhuhuri, kisha wanasali pamoja. Mahali ni madrasa, shule au sebule ya mzazi mmojawapo. Mama akutane na somo kwanza, kama tunavyofanya kwenye ndoa. Mara moja kwa mwaka mabinti waende kazini kwa somo wakaone. Na mwaka ukiisha kila binti awe amemaliza kitu kimoja kinachofanya kazi, hata kama ni daftari la madeni la duka la shangazi yake ndani ya simu.

Nauli na bando tulipe sisi. Kila bi harusi na kila shoga yake, badala ya sare ya tatu ya kicheni pati, atoe fedha hiyo kwa binti mmoja. Tusiniambie hatuna. Michango ya ukumbi na keki tunaipata.

Wa Unguja msiseme haya ni ya Dar. Mna SUZA, mna Taasisi ya Karume pale Mbweni, na wanawake waliosoma huko ni wake zenu wa kaka, wifi zenu, jirani zenu. Anzeni na mmoja.

Na mwisho wa mwaka, somo tumtunze kama tunavyomtunza wa harusi: doti ya kanga, udi na marashi, na dua ya wazazi mbele za watu. Amestahiki.

Ukiwa wewe ndiye unayejua kazi hiyo, usingoje kuitwa. Jumamosi hii gonga mlango wa jirani mwenye binti, jitambulishe kwa mama yake, sema, "Nataka kuwa somo yake."

Allah atujaalie tuwe sababu ya kheri kwa watoto wetu wa kike. Amin.

Wabillahi tawfiq.