Simu darasani: mtoto wetu atajifunza mtaa wa nani?

Siku hizi hutokea kwamba mgeni anayetaka kusaidia shule ya kanisa anauliza juu ya tableti kabla ya kuuliza juu ya madawati. Komite za wazazi zinafurahi, na si ajabu. Katika nchi ambamo kama mtu 1 tu kati ya 5 anapata umeme, darasa la kwanza kutazama picha zinazotembea ukutani ni jambo kubwa. Lakini masomo hayafanani. Mbili na tatu ni tano Goma, na ni tano Kampala. Somo la mazingira na elimu ya uraia haliko hivyo. Kwa mtoto wa miaka 6 au 7, somo hilo ni jamaa yake, mtaa wake, soko, mto, chifu, bendera, na jirani anayesema lugha nyingine nyumbani. Kifaa kilichojazwa masomo mbali na hapa hakimjui hata mmoja wa watu hao.

Tuchukue mfano wa karibu. Katuni za Akili, zinazotengenezwa na shirika la Ubongo la Tanzania, ni nzuri, na zinasema Kiswahili. Mwalimu anayezitumia kwa herufi na hesabu anafanya vema. Ila Akili anaishi chini ya mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Goma anayejifunza mazingira kwa katuni peke yake atajua Kilimanjaro kabla ya Nyiragongo, mlima ambao moto wake ulishuka hadi katikati ya mji Januari 2002, ukafika tena pembezoni mwa mji Mei 2021. Watanzania hawana kosa, walifikiri watoto wao kwanza. Sisi ndio hatujatengeneza cha kwetu.

Tena kuna lugha. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, na huku mashariki mtoto anaanza shule kwa Kiswahili. Tableti ikija na masomo ya Kifaransa tu, mtoto anatazama, anacheka, anarudi nyumbani bila neno la kueleza alichokiona.

Lakini jambo zito zaidi liko nje ya darasa. Simu imekwisha kuanza kuwafundisha watoto wetu uraia, bila mwalimu. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, sauti na video zinapita katika WhatsApp mchana na usiku, na si zote zinaleta habari. Mtoto anaketi kando ya mama yake, anasikia kabila fulani likiitwa nyoka, au likiambiwa lirudi kwao. Kesho yake analeta somo hilo kwenye dawati analokalia pamoja na mtoto wa kabila hilo. Shule ikisema haitaki habari ya simu hata kidogo, inamwachia mtoto mwalimu yule mwingine peke yake. Kwa mapatano ya 1977 kati ya serikali na makanisa, programu ya masomo ni ya serikali, lakini usimamizi wa kila siku wa shule hizi ni wetu. Kwa hiyo hatuwezi kusema tunangojea Kinshasa.

Simu moja ya mwalimu inaweza kufanya nini mbele ya watoto 70? Kwanza tukumbuke kwamba mtoto mdogo anajifunza kwa macho, mikono na miguu yake. Kama kisima kiko mita 200 kutoka shule, mwalimu awapeleke kukiona, asiwaonyeshe picha ya kisima. Kifaa kinafaa pale miguu isipofika. Katika madarasa mengi ramani ya ukutani bado inaonyesha mikoa 11, na Katanga bado ni moja, wakati tangu 2015 nchi ina mikoa 26. Ramani mpya kwenye simu, ikinakiliwa kwa chaki ubaoni, imemaliza kazi yake kwa dakika 10, na simu inarudi mfukoni.

Kuna pia mahali ambapo miguu ilikuwa inafika na sasa haifiki. Watoto waliokimbia Masisi au Rutshuru wanaulizwa na kitabu: eleza kijiji chako. Wengine waliondoka wakibebwa mgongoni. Mwalimu anaweza kurekodi sauti ya babu au bibi wa mtoto akieleza soko la pale lilikuwa siku gani, watu walilima nini, walivuka mto kwa njia gani, majirani wa makabila mbalimbali waliitana vipi. Rekodi ya dakika 3 inatosha. Watoto wanasikiliza, wanachora, wanauliza. Hakuna kampuni itakayotuuzia somo hilo. Na mtoto aliyesikia bibi wa mwenzake akilia kidogo katikati ya maneno atapata shida kumwita nyoka.

Picha zinahitaji akili. Kizuizi cha barabarani, askari, kambi: mwalimu asipige kabisa, maana simu yake ikikaguliwa, somo la mazingira litageuka kuwa kesi ya upelelezi. Nyuso za watoto waliokimbia zisitumwe kwa wafadhili bila ruhusa ya wazazi. Nasema hivi kwa sababu tumezoea sana kutuma.

Juu ya gharama, mega ndizo zinazokula pesa, kwa hiyo kila kitu kiwekwe kwenye kadi ya memori. Hata radio inatosha: 2020, corona ilipofunga shule, Radio Okapi ilitangaza masomo ya watoto, na nyumba isiyo na tableti ilisikia. Kinachobaki bila jibu katika shule nyingi ni nani analipa kuchaji simu ya mwalimu, na nani anamlipia ikivunjika mikononi mwa watoto. Komite ya wazazi iliamue hilo kabla ya Septemba, iliandike kwenye daftari, direkta atie sahihi.