Fundi wa Dizeli Si Aliyefeli

Mhariri amenipa nafasi ndogo na amenionya nisiijaze methali. Basi nitatumia moja tu: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tunaiandika katika insha ili mwalimu atuongezee alama, kisha tukitoka nje ya lango tunamcheka kijana aliyevaa ovaroli yenye oili.

Mimi ni msichana wa kidato cha nne. Nikimaliza mtihani wa KCSE nataka kwenda chuo nikasomee ufundi wa magari na injini za dizeli. Si kwamba nimekosa alama. Alama zangu za fizikia walimu wanazijua. Nilipolitamka jambo hili nyumbani wakati wa likizo, mama alinyamaza akaendelea kuchambua chinsaga. Baba alicheka kwanza akidhani ni mzaha. Alipoona mimi sicheki akasema, "Mimi sikuchuma chai miaka hii yote ili wewe uje ulale chini ya lori." Bonasi ya chai ndiyo iliyonilipia karo, kwa hivyo neno lake si la kupuuzwa. Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena. Naandika nikijua kwamba jarida hili atalisoma.

Niwaeleze nilivyoingiwa na jambo hili. Mjomba wangu ana mashine ya kusaga mahindi, si mbali na soko la Kebirigo. Huendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya zamani, ile inayopozwa kwa maji ya pipa. Watu wa pale huijua kwa sauti, tu-tu-tu-tu, na ikinyamaza kina mama wanajua kwamba leo ni kubeba debe hadi kwingine.

Siku moja dizeli iliisha injini ikiwa inazunguka. Mjomba akaongeza dizeli, akazungusha hendeli, lakini wapi! Akaitwa kijana wa jirani, aliyekuwa ametoka chuo fulani na stashahada yake. Alizungusha mpaka shati likalowa. Alijua kutueleza mipigo minne ya pistoni: kuvuta hewa, kuigandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Alijua kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche, bali hewa hugandamizwa mpaka ikapata joto la kuiwasha dizeli inayopulizwa ndani. Yote yalikuwa sahihi, ila injini haikuwaka.

Ndipo akaja mzee mmoja wa gereji ya kando ya barabara, ambaye darasa la saba hakulimaliza. Hakusema kitu. Alilegeza nati kwenye mrija wa dizeli, akaacha povu litoke mpaka dizeli ikaja safi bila kiputo, akakaza. Hendeli mara moja tu, tu-tu-tu-tu! Kumbe hewa ilikuwa imeingia katika mrija. Hewa hukubali kubanwa, kwa hivyo pampu ilikuwa inaibana bure na nozeli haipulizi kitu. Yule kijana, kwa aibu, alituambia kwamba chuoni kwao injini ya dizeli ilikuwa moja na wanafunzi walikuwa wengi. Yeye aliiona akiwa amesimama nyuma.

Ningeweza kukomea hapo na kusema gereji imeshinda chuo. Wengi hukomea hapo, hata baba, ambaye alikuwepo na alicheka sana.

Lakini miezi michache baadaye injini ile ile ilianza kuvuja maji kwenye gasketi ya kichwa cha silinda. Yule mzee akabadilisha gasketi. Wiki moja, ikavuja. Akabadilisha tena. Ikavuja. Mara ya tatu mjomba alikuwa ameanza kunung'unika, maana gasketi si bure. Bahati nzuri gereji ile ilikuwa imempokea msichana mmoja wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya kazini. Alifungua kichwa cha silinda, akakipangusa, akaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha kipande chembamba cha bati ya kupimia katikati. Kilipita. Kichwa kilikuwa kimejipinda kwa sababu ya kuchemka, na hata ukiweka gasketi kumi kitavuja tu. Kikapelekwa Kisii kikasawazishwa kwa mashine. Kiliporudi, alikaza nati kwa zamu, msalaba kwa msalaba, kidogo kidogo, akimalizia kwa spana yenye kipimo cha nguvu.

"Mzee," alimwambia kwa heshima, "ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, ule mwingine unanyanyuka."

"Binti yangu, nimekaza kwa mkono huu miaka thelathini."

Hawakubishana zaidi. Lakini alipomaliza, mzee alimpa chaki akamwomba amwandikie ile namba ya kipimo ukutani. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mahindi nikishika tochi. Nilirudi nyumbani mikono ikinuka dizeli na kichwa kikiwa kimejaa.

Wasomaji wenzangu, nani kati ya wale wawili ni msomi? Mimi naona kila mmoja alikuwa na nusu. Na sisi hapa Nyamira tunahitaji mtu mzima. Fikirini kuhusu chai. Jani likichumwa likakaa kwenye gunia kwa muda mrefu hupata joto, likageuka jekundu, na kiwandani halipokelewi. Lori likiharibika mlimani kwa sababu ya nozeli iliyoziba, jasho la asubuhi nzima la watu wengi huenda na maji. Na viwanda vyenyewe, kuanzia Sanganyi hadi Nyansiongo, Tombe na Gianchore, stima ikipotea vinahitaji jenereta. Sijataja matatu, trekta, wala zile Probox zinazopanda milima yetu zikiwa zimejaza watu kuliko zilivyoumbwa kubeba.

Tena injini zenyewe zimebadilika. Ile ya mjomba unaweza kuisikiliza kwa sikio ukajua ugonjwa wake. Malori ya siku hizi yana kompyuta na vitambuzi, na presha ya dizeli kwenye mirija yake ni mamia ya mara ile ya gurudumu la gari dogo. Mrija ukivuja usipeleke kidole kuupapasa, maana dizeli hiyo yaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Mambo kama haya huyajui kwa kuzaliwa na mkono mwepesi. Lazima usome, na usome vizuri. Rudolf Diesel mwenyewe, ambaye injini yake ilifaulu kule Ujerumani mwaka 1897, alikuwa mwanafunzi hodari wa chuo cha ufundi mjini Munich.

Basi dharau hii ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwenye alama. Stashahada ya ufundi huhitaji C-, cheti cha ufundi D, na ngazi ya fundi stadi hata chini ya hapo. Kwa kuwa mlango ni mpana, tunadhani walio ndani ni wabovu. Na sisi shuleni tunaongeza chumvi. Ni mara ngapi tumesikia mwanafunzi akigombezwa, "Usiposoma utaishia gereji"? Walimu wetu, nawaheshimu sana, lakini maneno hayo yanaumiza. Darasani mnao wenzetu ambao karo yao inatoka gereji.

Jambo la kushangaza ni kwamba wazazi wa zamani hawakufikiri hivyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, nia ilikuwa mtoto ajue kutumia mikono, na wazazi walichanga pesa kujenga karakana. Mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo mengi ya mikono yalisukumwa kando, na karakana nyingine zikawa stoo za madawati yaliyovunjika. Ile iliyokuwa Gusii Institute of Technology, ambayo tangu 2016 ni Kisii National Polytechnic, iko karibu nasi hivi kwamba ukidamka unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Vituo vya ufundi vya vijijini navyo viko chini ya serikali za kaunti tangu zilipoanza mwaka 2013. Nadai kitu kimoja tu: vyuo hivi vipewe injini za kutosha za kufungua na kufunga, si michoro ya ubaoni. Na wazee wa gereji waalikwe mara kwa mara kuwafundisha wanafunzi, walipwe. Mtu aliyetoa hewa kwenye mrija kwa dakika tano ana somo la kufundisha.

Chama chetu nacho kina kazi. Yule mzee hawezi kusoma kitabu cha maelezo ya injini kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza. Mtihani wa chuo nao ni Kiingereza. Lakini gerejini watu huongea Kiswahili na Ekegusii kutwa kucha, na kazi inaendelea. Kwa nini tusikusanye maneno yao tukayachapisha hapa mwaka ujao? Nimeanza na moshi. Moshi mweusi: dizeli ni nyingi au hewa ni haba, angalia chujio la hewa kwanza. Moshi mweupe usiokwisha: maji yameingia ndani, au dizeli inatoka bila kuungua. Moshi wa buluu: oili inaungua.

Kuhusu kuwa msichana sitasema mengi. Watu huniuliza kama nitaweza kuinua giaboksi. Hata mwanaume haiinui peke yake, huitumia jeki na mnyororo.

Baba, kama umefika hapa, nina neno. Pikipiki yako inatoa moshi wa buluu asubuhi ukiiwasha, kisha unakwisha. Ringi bado ni nzima. Ni vile vimpira vya valvu vimekuwa vigumu, oili inapenya usiku. Usiiuze, na usikubali mtu akufungulie injini nzima. Nunua vimpira hivyo uviweke, tutavibadilisha pamoja nikifunga shule.