Shule za wageni Diani, na mtoto wa Munje

Anayetoka Munje asubuhi kwenda Ukunda kutafuta riziki hupishana barabarani na magari ya shule za binafsi. Ndani mna watoto wa wageni walioweka makazi Diani, pamoja na watoto wa Wakenya wenye uwezo. Baadhi yao husoma mtaala wa Uingereza. Mtoto wa mvuvi huyaona magari hayo yakipita tu.

Shule hizi zilianza kwa haja ya kweli. Mwaka 1924 Geneva ilifunguliwa shule ya watoto wa watumishi wa mashirika ya kimataifa, na mwaka huohuo nyingine ikafunguliwa Yokohama, Japani. Nairobi ilipata International School of Kenya mwaka 1976. Mtoto ambaye babake huhamishwa nchi kila baada ya miaka mitatu anahitaji mtaala unaomfuata. Hapo hapana ubaya.

Mambo hubadilika pale wenyeji wenye pesa wanapoingia. Nchi za Asia zililiona hilo mapema. Singapore, raia lazima apate kibali cha Wizara ya Elimu kabla ya kumpeleka mwanawe katika shule ya kimataifa. China, shule zilizoundwa kwa ajili ya watoto wa wageni haziruhusiwi kuandikisha raia. Kwetu Kenya mlinzi wa mlango ni karo peke yake, na katika shule kubwa za Nairobi karo ya madarasa ya juu hupita dola 25,000 kwa mwaka.

Hoja yangu si wivu. Mkubwa wa ofisi, mwenye hoteli na mwanasiasa wakishawatoa watoto wao katika shule ya umma, nani atapiga kelele paa likivuja au mwalimu wa hesabu akikosekana? Mzazi wa Munje atalalamika, lakini simu yake haipokewi haraka.

Na wakati wenyewe ni mgumu. Uchimbaji wa titani wa Base Titanium ulikwisha Desemba 2024, ukaondoka na mishahara na ufadhili wa masomo. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akazitaka kaunti zisitoe basari bila makubaliano na serikali kuu, na mpango wa Elimu ni Sasa, tegemeo la familia nyingi za Kwale, ukaingia mashakani. Milango miwili ya mtoto wa maskini ilitikisika kwa msimu mmoja. Mwaka 2026 nao umeleta Gredi ya 10, ambapo anayechagua sayansi anahitaji maabara.

Mfano mwema tunao ng'ambo ya feri. Aga Khan Academy ya Mombasa, iliyofunguliwa 2003, hufundisha mtaala wa kimataifa, lakini sera yake ni kupokea mwanafunzi kwa uwezo wa akili na kumsaidia karo asiyejiweza. Kumbe inawezekana.

Kwa hivyo viongozi wetu wa Kwale wakae na wenye shule za Diani wakubaliane mambo matatu. Kwanza, kila shule itenge nafasi chache za ufadhili kwa watoto wa shule za umma za Msambweni, wachaguliwe kwa mtihani na majina yabandikwe hadharani. Pili, maabara zao zifunguliwe Jumamosi kwa wanafunzi wetu wa sekondari. Tatu, walimu wa pande zote mbili wakutane kila muhula, kwani mwalimu wa umma naye ana la kuwafunza wageni, kuanzia Kiswahili chenyewe.

Hata hivyo, nafasi kumi za ufadhili haziwezi kuwa badala ya shule nzuri kijijini. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na hiyo ni haki ya kudaiwa. Wazazi wa Munje, mkutano wa bajeti ya kaunti ukiitishwa Msambweni, twendeni. Viti vikibaki vitupu, tusilaumu magari yanayopita.