KIWANJA KITUPU SI KITU BURE

Mtu akifika Kewanja, huko Nyamongo katika Tarime, akaona kiwanja kisicho na nyumba wala mgomba, husema: "Hapa hapana kitu." Neno hilo ndilo silaha ya kwanza ya mnunuzi mjanja. Sisi twasema wazi: ardhi yenyewe ni kitu.

Zamani hata sheria haikusema hivyo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilitazama kile mtu alichojenga au kupanda. Ardhi tupu haikulipwa. Lakini Sheria za Ardhi za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zimetamka ya kwamba haki katika ardhi ina thamani, na hapana budi thamani hiyo ifikiriwe katika kila mapatano.

Jambo hili lawagusa sana watu wa Kewanja. Wao ni majirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002. Huko neno "tegesha" lajulikana na kila mtu: kujenga au kupanda haraka kwa tamaa ya fidia. Basi mtu akija jioni na fedha mkononi, akataka dole gumba lipigwe usiku ule ule, tujiulize: haraka hiyo ni ya nani? Labda anajua jambo ambalo mwenye kiwanja halijui.

Hatusemi kila mnunuzi ni adui. Mwalimu, muuguzi, na kijana anayeanza maisha, wote wanahitaji mahali pa kujenga. Mnunuzi mwema naye hudhulumiwa, kwa maana wako wauzaji wanaouza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Kwa sababu hiyo mapatano ya haki huwalinda wote wawili.

Je, mapatano hayo ni yapi? Mipaka ikanyagwe mchana, majirani wakiwapo. Mke aulizwe kwanza, asije akasikia habari sokoni. Bei isitajwe kwa pupa; muuzaji na mnunuzi waulize kwanza viwanja vya jirani viliuzwaje, na njia na maji viko umbali gani. Kisha shauri lipelekwe mbele ya Halmashauri ya Kijiji, kwa kuwa haki ya kimila haihamishwi bila idhini yake. Fedha zihesabiwe mbele ya mashahidi, na maandishi yabaki kwa pande zote.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka ardhi imilikiwe moja kwa moja na mtu binafsi na kuuzwa kama bidhaa, Mwalimu Nyerere alipinga, akihofu wachache wenye fedha wataimaliza. Hata leo ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini; tunachouziana ni haki ya kuitumia.

Wazee wetu waliitetea ardhi mbele ya dunia nzima. Itakuwa aibu kwetu tukiipoteza usiku, kwa dole gumba moja. Anayetaka kununua na aje mchana.