Anayeteuliwa aambiwe, tena kwa barua

Tarehe 28 Januari 1792, Rais George Washington wa Marekani alimwandikia barua Gouverneur Morris. Seneti ilikuwa imekwisha kumkubali Morris kuwa mjumbe wa nchi yao Ufaransa, lakini kwa kura 16 dhidi ya 11, na maneno mengi yalikuwa yamesemwa. Washington hakumficha. Alimtajia tuhuma za waliompinga: ana ulimi mwepesi, ana majivuno, na anawapendelea makabaila wakati Ufaransa imo katika mapinduzi. Kisha akamwambia kuwa anamwamini na anatarajia atachunga mwenendo wake. Morris hakuchunga vya kutosha. Alijiingiza katika njama za kumtorosha Mfalme Louis wa 16, na mwaka 1794 Wafaransa wakataka aondoshwe, akaondoshwa. Hata hivyo, hakuweza kudai kwamba hakuambiwa.

Unguja tunalo la kwetu. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani, uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, uliwapa Wamarekani ushuru wa asilimia 5 na haki ya kuweka konsuli katika bandari za Sayyid. Wa kwanza kuletwa Zanzibar alikuwa Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Aliteuliwa na Rais Andrew Jackson mwaka 1836, akashuka hapa Machi 1837.

Waters alikuja kufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Alikuwa konsuli, na papo hapo alikuwa mnunuzi wa pembe za ndovu na sandarusi na muuzaji wa vitambaa vya merikani. Akashikana na Jairam Shivji, aliyekuwa amekodi forodha kwa Sayyid. Anayejua bandari ataelewa uzito wa jambo hilo. Mzigo haukushuka wala kupanda bila ya kupita mikononi mwa watu wa forodha, na mwenye forodha ndiye aliyejua nani kaleta nini na nani anatafuta nini. Wafanyabiashara wengine wa kigeni, Wamarekani wenzake wakiwemo, walilalamika kwamba mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa konsuli na rafiki yake.

Sasa soma mkataba wenyewe, kifungu cha tisa. Konsuli ndiye pekee aliyekuwa hakimu wa ugomvi baina ya Mmarekani na Mmarekani hapa Unguja. Nahodha kutoka New York aliyeona kwamba kadhulumiwa sokoni na Waters alitakiwa apeleke shauri lake kwa Waters huyo huyo. Nafuu iliyobaki ilikuwa ndani ya kifungu hicho hicho: konsuli akivunja sheria za nchi, malalamiko yapelekwe kwa Rais wa Marekani, naye amwondoshe mara moja. Lakini kumbana mwenzako sokoni hakukuwa kuvunja sheria ya Sayyid. Waters alibaki hadi 1844.

Haki yake tumpe. Makonsuli wengi wa Marekani wa zama zile hawakuwa na mshahara. Sheria ya kuwalipa baadhi yao ilikuja katika miaka ya 1850. Basi lawama ya kwanza haimwangukii Waters, inamwangukia aliyempeleka. Serikali iliyompa mtu muhuri na uhakimu, kisha ikamwacha ajitafutie riziki katika soko lile lile analoliamua, ilikuwa imekwisha kuamua matokeo. Waters, ambaye katika shajara yake aliulaani utumwa, aliishi kwa bidhaa zilizobebwa na kusafishwa na watumwa. Hilo nalo hakulazimishwa.

Tunayasema haya tukiwa Jang'ombe, ambako serikali huonekana kwa sura ya sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa. Mkaazi anayetaka kitambulisho huanzia kwa sheha, na barua yake ikikosa muhuri safari imeishia hapo. Mwenye muhuri huo akiwa na duka, kiwanja cha kuuza au jamaa anayegombea nafasi, mwananchi hana wa kumwendea kwa wepesi. Kutoka kwa sheha hadi kwa mkurugenzi na balozi, kinachozidi ni ukubwa wa muhuri tu.

Zanzibar ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 4 ya 2015, inayowataka viongozi watangaze mali na madeni yao. Ni sheria njema. Lakini fomu hujazwa na aliyeteuliwa, na sisi tunazungumzia wajibu wa anayeteua. Barua za uteuzi tunazozisikia zikisomwa hutaja cheo na tarehe ya kuanza kazi, basi. Yale yanayosemwa mitaani juu ya mteuliwa, biashara zake na ushirika wake, huachwa barazani.

Tunazitaka mamlaka za uteuzi, za Muungano na za Zanzibar, ziambatanishe barua ya pili na kila uteuzi. Itaje kwa jina shughuli ambayo mteuliwa lazima aiache, na tarehe ya mwisho ya kuiacha. Itaje pia nani atasikiliza malalamiko dhidi yake, na huyo asiwe yeye mwenyewe. Asiyekubali kuitia saini asiapishwe.