Anayetufuata kwa karibu mno

Mtu asafiriye katika barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi ayajua malori makubwa yachukuayo shaba na kobalti. Mara nyingine dereva hutazama katika kioo, asione tena barabara, ila uso wa lori tu, limemkaribia kana kwamba lataka kumsukuma. Yafaa tufanyeje hapo?

Kwanza tuielewe hatari yenyewe. Motokari iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva akishtuliwa na jambo, sekunde moja au zaidi hupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama kwa breki huzidi mara nne. Lori lenye mzigo mzito lataka nafasi kubwa zaidi, na mvua huiongeza. Basi, tukisimama kwa ghafula, aliye mita 5 nyuma yetu aweza kutugonga kabla hajaigusa breki yake.

Wako madereva wanaokasirika, wakakanyaga breki kwa ghafula ili kumtia adabu. Hayo si mafundisho. Ni kumwita awagonge, na watoto walioketi nyuma ndio watakaopatwa kwanza. Wengine huogopa, wakakimbia. Naye hukimbia nyuma yao, hatari ikazidi.

Dawa ni nafasi iliyo mbele yetu. Tupunguze mwendo polepole, tukae mbali zaidi na motokari iliyotutangulia. Tuchague mti kando ya njia: motokari ile ikiupita, tuanze kuhesabu. Tukiufikia mti kabla ya sekunde 4, tungali karibu mno. Mwenye nafasi hiyo aweza kusimama taratibu, na yule wa nyuma hupata wakati wa kusimama naye. Tukitaka kuiacha barabara, tuwashe mapema taa ya kuonyesha upande. Na tukipata mahali peupe, pasipo kona wala kilele cha mlima, tusogee kuume, tumpishe. Usiku akituwashia taa kali, tugeuze kioo kidogo, tusimjibu.

Abiria naye ana kazi yake. Dereva wa basi akilifuata lori kwa karibu, mtu mzima mmoja amwambie kwa upole: «Ndugu, tuachie nafasi.» Neno hilo halimvunjii mtu heshima.

Tena tujipime wenyewe. Kila tulaumupo aliye nyuma yetu, tutazame pia tulivyo nyuma ya wengine.

Wahenga walisema: mwenye nguvu mpishe. Kumpisha mtu barabarani si kushindwa. Aliyetupita atafika labda dakika chache kabla yetu. Lakini wanaotungoja nyumbani hawataki kujua ni nani aliyetangulia. Wataka kutuona tukiingia mlangoni, wazima.