Ukisema kwenu Lushoto, utaombwa hausigeli

Nilikuwa Mtae, kwa bibi mzaa mama.

Kwa wasiopajua: ukifika Lushoto mjini usidhani umefika. Unapanda basi jingine, mnakata mashamba ya viazi na kabichi, kona juu ya kona, mpaka mlima unaishia ghafla kama umekatwa na panga. Hapo ndipo Mtae. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa Usambara ya Magharibi. Chini ni nyika ya Mkomazi, ng'ambo ni Kenya, na siku ukungu ukikubali unauona Kilimanjaro. Baridi yake msiniulize. Bibi ananicheka nalala na soksi, eti nimeshakuwa mtu wa Dar.

Sasa nina jambo la kuungama. Kwa miaka mingi hapa mjini, mtu akiniuliza "kwenu wapi?" nilikuwa najibu "Tanga". Si uongo, Lushoto ni mkoa wa Tanga. Lakini nilijua kwa nini nasema hivyo. Ukisema Tanga watu wanafikiria bahari, mapishi na mahaba. Ukisema Lushoto, hata uwe na digrii mbili, swali linalofuata ni moja tu: "Aa! Basi nitafutie msichana wa kazi."

Mimi nimeulizwa hivyo na bosi wangu, katikati ya kikao cha habari, mbele ya watu kumi na kitu. Nilikuwa nimetoka kupendekeza stori ya bei ya mbogamboga. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Stori yangu ikapita chini ya meza, hakuna aliyeirudia.

Kibaya zaidi, nilimtafutia mtu kweli. Siyo yule bosi, mwenzangu mwingine, dada niliyemheshimu sana. Alikuwa amejifungua, siku zake 84 za likizo zinaelekea ukingoni, na bila mtu wa kumwachia mtoto asingeweza kurudi kazini. Nikampigia mama mdogo. Jirani ya bibi kulikuwa na binti wa miaka 18, amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri. Nilimpokea Ubungo, enzi mabasi ya mikoani bado yanashukia pale. Mshahara tulikubaliana kwa mdomo, kwenye simu, dakika mbili. Nikajiona nimewasaidia wanawake wawili kwa mpigo.

Nilipokwenda kuwatembelea baada ya miezi kadhaa, nyumba nzima walikuwa wanamwita "Msambaa". Msambaa leta maji. Msambaa funga geti. Mtoto mkubwa wa pale, wa miaka kama mitatu, naye anaita hivyohivyo, hajui kama ni jina au ni kitu gani. Mshahara alikuwa "anatunziwa". Siku ya kupumzika hakuwa nayo. Niliona, nikanywa soda yangu, nikaaga. Alirudi Mtae baada ya miezi minane na nusu ya pesa yake.

Jamani, sisi Watanzania tunapenda kusema hatuna ukabila. Kwa mambo makubwa ni kweli, na tusibeze. Kiswahili, shule za bweni zilizotuchanganya, siasa za Mwalimu, vimetufikisha mahali ambapo makabila zaidi ya 120 yanaoana bila vita. Lakini kazini tumelifanya kabila kuwa cheo. Msambaa, Mgogo, Mhehe, Mnyaturu: jikoni. Mmasai: getini. Mchaga: mpe kaunta lakini mchunge. Mhaya: anaringa, huyo hatakaa. Mwanamke ndiye anayeumia zaidi, maana anaanza na "mwanamke ataweza?" halafu anamalizia na "na hasa hawa wa kwao". Mkaka wa Lushoto pale ofisini hakuwahi kuombwa hausigeli hata siku moja. Nilimuuliza.

Mtaniambia huo ni utani tu. Sikubali. Utani wa makabila ninaujua, nimeukuta kwenye misiba na harusi, na una kanuni yake: anayetania hutaniwa. Wewe unanipiga dongo, mimi nakurudishia kubwa zaidi, watu wanashika mbavu. Bosi anayejaza fomu ya tathmini yako akikutania, utamrudishia nini? Binti anayelala kwenye chumba cha stoo atamrudishia nini mama mwenye nyumba? Utani wa upande mmoja una jina jingine, na sheria imeshalitaja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, mahali alikotoka, jinsia, ujauzito na mengine mengi, na inasema kabisa kwamba kumnyanyasa mtu kwa misingi hiyo ni ubaguzi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: jina lake, kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Kama hayaelewi maandishi, asomewe na kuelezwa. Na mkifikishana kwenye shauri bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wa mwajiri. Kuna mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa jikoni".

Kuhusu pesa, amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha sh. 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Baadaye kimepandishwa, lakini ikumbukeni hiyo elfu arobaini: ni hela ambayo baadhi yetu tunaimaliza Ijumaa moja usiku, na bado kulikuwa na watu wanalipa pungufu yake.

Na sisi wa milimani tusijifanye malaika. Kulekule Usambara tunaishi na Wambugu, watu wenye lugha yao, Kimaa, iliyowafanya wataalamu wa isimu kutoka Ulaya wafunge safari na kuiandikia vitabu. Nimekua nikisikia watu wazima wa Kisambaa wakiwasema Wambugu kwa namna ileile ninayosemwa mimi Dar. Kwa hiyo simnyooshei kidole mtu wa pwani peke yake.

Kwenye fani yangu kuna waliotutangulia kulishika hili. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilianzishwa mwaka 1987, Fatma Alloo akiwa mwenyekiti wa kwanza. Walipiga kelele za wanawake wote mpaka ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Mimi naona bado tuna deni la vitu vidogovidogo ndani ya vyumba vyetu vya habari. Lafudhi, kwa mfano. Dada mwenye sauti ya Kikurya au ya Kisambaa anaambiwa "wewe andika tu, fulani atasoma". Halafu msomaji anayepewa maikrofoni anatamka Kiswahili cha kubana pua kama amefika jana kutoka London, na huyo hana lafudhi!

Nikamkuta yule binti Mtae. Sasa ni mama, analima karoti na viazi, wafanyabiashara wanavifuata kwa lori. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Alinisalimia "onga maundo", akaniita dada kama zamani, akaniuliza: "Yule mtoto mdogo ameanza shule?" Nikasema ndiyo, yuko la pili. Akataka kujua kama bado anaogopa mvua. Sikujua. Nikamwomba radhi, akasema yaliyopita yamepita, lakini hakuniangalia aliposema hivyo.

Mama yake ndiye aliyenifuata jioni. Mdogo wake amemaliza kidato cha nne, hataki kulima, anataka Dar. Nisingeweza kumwambia asiende. Mimi mwenyewe nilikwenda. Nikamwambia safari hii inaanza na karatasi. Tukakaa mezani kwa bibi, kwa taa ya sola, nikaandika kwa mkono: kazi, saa, Jumapili yake, mshahara na tarehe ya kulipwa, nauli ya kurudi, ruhusa ya kusoma jioni arudie mitihani. Yule mama akasoma yote polepole, akanirudishia. Akasema nimesahau kitu. Juu kabisa, kabla ya mshahara, niandike kwamba ataitwa kwa jina lake.

Nimeandika. Nimempa mwajiri mmoja hapa mjini, msomi mzuri tu, akaipiga picha kwa simu na kusema atanijibu. Leo siku ya sita.